Kalori za Kujilipa

Kuna hesabu imeota mizizi katika jamii yetu hapa Uingereza ambayo sisi tuliosomea uhandisi hatuwezi kuendelea kuinyamazia. Mtu anatembea kwenye mashine ya jimu dakika 50, kioo kinamwambia ameunguza kalori 400, naye anatoka kifua mbele kwenda kujilipa: sambusa tatu, chai ya maziwa, na usiku biriani bila kinyongo. Miezi mitatu baadaye mizani haijasogea, lawama zinaangukia ukoo. "Kwetu sisi ni wanene tu."

Tunasema wazi: anayetaka kupungua asizirudishe mezani kalori za mazoezi.

Namba ile ni makisio, si kipimo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivijaribu vifaa saba vya kuvaa mkononi. Kwa kalori, hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Mhandisi gani angepokea mita ya umeme ya namna hiyo? Tena ndani ya zile 400 mara nyingi zimo kama 70 ambazo ungeziunguza hata ungekaa kitini ukitazama mpira. Na kama uliiambia programu ya simu kwamba wewe ni mtu wa mazoezi, kiwango chako cha siku kimeshapandishwa. Kuziongeza tena ni kudai mshahara mara mbili kwa zamu moja.

Ushahidi mzito zaidi umetoka nyumbani. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitangaza vipimo vya Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati wanayotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukitumia zaidi huku, hubana kule.

Tutaambiwa tunawavunja watu moyo. Hapana. Mazoezi hushusha sukari na presha, na husaidia uzito uliopungua usirudi. Sisi wenye asili ya Afrika, na wenzetu wa Asia Kusini, tuko katika hatari kubwa zaidi ya kisukari katika nchi hii, na misiba tumeihesabu. (Anayetumia insulini asitusikilize sisi, amsikilize daktari wake.) Lakini uzito hupungua jikoni. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120, karibu nusu saa ya kutembea kwa haraka, na wapishi wetu wa shughuli hawapimi kwa kijiko.

Kwenye matembezi ya jumuiya tutakuwepo. Tunaloomba ni kwamba lile sinia la maandazi lisitungoje mwisho wa njia. Maji na machungwa yatatosha.