Hii foto ni ya mwaka gani?



Karibu kila nyumba mu muji wetu iko na mufuko ao karto ya viatu yenye kujaa foto za zamani. Ku mugongo wa foto hakuna kitu. Mwenye alijua majina alishakufa, na mutoto akiuliza "Huyu ni nani?" tunajibu "Ni ndugu ya babu," kisha tunapitisha ingine. Mimi ninafundisha istoria, na siku zote ninaambia wanafunzi kama foto inasomwa sawa kitabu. Juma hii tutasoma foto za mutu mumoja.

Mama mumoja wa kikundi chetu aliniruhusu nieleze habari yake bila kutaja jina. Baba yake alitoka Likasi mu 1983, akapita Zambia, akaenda kutafuta kazi kusini. Barua zilikuja mupaka 1986. Mu 1988 habari ilifika kama alikufa. Watu wakakaa matanga, bibi yake akavaa nguo nyeusi, na hakuolewa tena mupaka leo. Sasa mwaka uliopita, dereva mumoja wa kamioni zenye kuleta bintu toka Walvis Bay alileta amvelope yenye foto tisa. Zilikutwa mu sanduku ya nyumba moja kule, na jina la baba lilikuwa juu ya amvelope.

Ndugu wote walisema: ni foto za mbele ya kifo. Walionyesha namba za rangi ya machungwa pembeni ya foto moja: '87 1 1. Tarehe moja, mwezi wa kwanza, 1987. Kwa wao mambo yakaisha pale. Lakini mama huyu hakutulia. Akaniletea amvelope ndani ya kitenge chake na kuniuliza: "Mwalimu, ni kweli?"

Tuanze na fasi. Mu foto zote kuko muchanga, bahari na motokari za milima, zile zenye kupita fasi hakuna barabara. Ni pwani ya Namibia, fasi jangwa la Namib linafika mupaka ndani ya maji ya Atlantiki. Sababu gani kuko jangwa pembeni ya maji mingi hivyo? Mukondo wa maji baridi, jina lake Benguela, unatoka kusini na kufuata pwani ile. Hewa yenye kupita juu ya maji baridi haipande kufanya mvua, inageuka ukungu. Ndiyo maana mu foto sita kati ya zile tisa anga ni nyeupe na bahari haionekane muzuri. Si kosa ya mwenye kupiga foto. Na maji ile ya baridi inalisha samaki mingi sana: Thomson mingi yenye tunanunua mu karto ku soko inavuliwa kule.

Ukungu ule uliua meli mingi. Upande wa kaskazini wazungu waliuita Skeleton Coast, ni kusema Pwani ya Mifupa, sababu ya mifupa ya nyangumi na meli zenye kuvunjika pale. Foto ya ine ya mama yetu inaonyesha meli kubwa imelala mu muchanga mukavu, na bahari haiko karibu. Hiyo ni Eduard Bohlen, meli ya Wajerumani yenye ilikwama mu ukungu mu 1909, kusini ya Walvis Bay. Muchanga uliendelea kujaa, maji ikarudi nyuma, na leo meli iko mamia ya metre mbali na mawimbi. Foto ile inatuambia kama baba alifika kule. Mwaka haiseme.

Foto ya pili ilisaidia zaidi. Baba amesimama pembeni ya misalaba mbili ya majiwe. Ile ni Cape Cross. Mureno Diogo Cão alisimamisha musalaba pale mu 1486. Ni yule yule mwenye alifika ku kinywa cha muto wetu Congo mu 1482, na watu wake walichonga majina yao ku majiwe ya Yelala, karibu na Matadi. Wanafunzi wangu wanamujua. Musalaba wake Wajerumani waliubeba mu 1893, na ni mu 2019 tu Ujerumani ilitangaza kuurudisha. Pa fasi yake waliweka mufano wa jiwe mu 1895. Mufano wa pili, wenye kufanana zaidi na ule wa kwanza, ulisimamishwa mu 1980. Kwa hiyo foto yenye musalaba moja inaweza kuwa ya zamani sana, lakini foto yenye mbili ni ya kisha 1980. Hapo bado ndugu wanaweza kuwa na haki: 1987 ni kisha 1980.

Sasa motokari. Ni Land Rover. Land Rover ilitoka mara ya kwanza mu 1948, na kwa miaka mingi taa zake za mbele zilikuwa katikati, karibu na karibu sawa macho ya mutu. Karibu 1968 ao 1969 walizisogeza pembeni, ku mabawa. Hii ya baba ina taa pembeni. Lakini muangalie: motokari inaweza kutembea miaka makumi tatu, sisi wa hapa tunajua hiyo kuliko watu wote. Mutu akisema "motokari ni ya 1970, basi foto ni ya 1970," anadanganyika. Kitu cha zamani mu foto hakiseme mwaka. Mutafute kitu kipya zaidi kati ya vyote vyenye vinaonekana. Foto haiwezi kuwa mukubwa kuliko kile.

Kitu kipya kilikuwa plaki.

Ilikuwa ndogo sana, na muchanga ulifunika nusu. Tulipiga ile foto na telefone, tukaivuta mupaka herufi zikatokea. Plaki inaanza na N na inaisha na WB. N ni Namibia. Mbele ya 21 Machi 1990 inchi ile haikukuwa na uhuru; ilitawaliwa na Afrika ya Kusini, na serikali iliiita Afrika ya Kusini-Magharibi. Plaki za N zilikuja na uhuru. Na WB ni Walvis Bay. Hapa istoria inasaidia tena, sababu muji ule haukurudi kwa Namibia siku ya uhuru. Afrika ya Kusini ilishika bandari ile miaka ine ingine, ikaiacha tarehe 1 Machi 1994. Motokari ya Walvis Bay haikuwezekana kuvaa plaki ya N mbele ya siku ile.

Na plaki iko mu foto ile ile yenye '87 1 1. Mutauliza: basi namba zile zinatoka wapi? Mashini za foto za wakati ule zilikuwa na saa ndogo ndani. Betri ikiisha na mutu akaweka mupya bila kupanga tarehe, saa inarudia mwanzo wake, na mwanzo ule karibu siku zote ni tarehe moja ya mwezi wa kwanza. Kila mara munaona 1 1 pembeni ya foto, mujiulize kama kweli ilikuwa Bonane. Mu foto ile wanaume wanachimba muchanga chini ya mipira ya motokari, na mumoja anashika pompe. Wale wenye kupita mu muchanga wanapunguza hewa ya mipira kusudi ikuwe mipana na isizame, kisha wanaijaza tena wakifika fasi ngumu.

Tulihakikisha pia kama foto haikugeuzwa kushoto kuume wakati wa kuisafisha, sababu hiyo inatokea. Herufi za plaki zinasomeka muzuri, na volani iko kuume, sawa inavyopaswa mu inchi yenye kutembelea upande wa kushoto. Na kwa uso, msiamini uso peke yake. Uso unanenepa, unakonda, unaota ndevu. Muangalie sikio: namna linakunjwa haibadilike kwa mutu mukubwa. Tuliweka foto ya ndoa ya 1975 pembeni. Sikio ni lile lile, na kidole cha mwisho cha mukono wa kushoto, chenye kilikatwa mu atelie ya Likasi, hakiko.

Kwa hiyo mutu mwenye tulimulilia mu 1988 alikuwa anachimba muchanga kule kisha Machi 1994.

Mama huyu alinyamaza sana. Kisha akauliza kitu kimoja tu: "Wale wengine ni nani?" Swali lile ndilo lilinifanya niandike. Mu foto za safari za pwani ile, mwenye motokari anajulikana siku zote. Mwenye kuchimba hajulikane. Mu Novemba 1942 meli ya Waingereza Dunedin Star ilikwama kaskazini kabisa, karibu na muto Kunene, na watu 106 ndani. Kashua ilifikisha 63 ku muchanga, pamoja na wamama na watoto wachanga, mbele ya kuharibika. Fikirieni: mutoto ya kunyonya, jua, upepo wa muchanga, na hakuna muti hata moja ya kivuli. Ndege ziliwatupia maji na chakula, na moja yenye ilitua ikakwama mu muchanga. Kamioni zilitoka Windhoek na kupigana na majiwe na muchanga zaidi ya juma moja mbele ya kuwafikia. Wote wa meli waliokolewa. Lakini meli ndogo yenye ilikuja kusaidia, Sir Charles Elliott, ilivunjika nayo, na wanaume wawili wakakufa: Angus Macintyre, mwenye cheo mu meli, na Mathias Khoraseb, mufanyakazi wa inchi ile. Mimi ninataja wote wawili mu darasa.

Na almasi ya pwani ile, upande wa kusini, iliokotwa mu 1908 na Zacharias Lewala, mufanyakazi wa reli mwenye alijua majiwe ile sababu alishafanya kazi Kimberley. Aliipeleka kwa mukubwa wake, na mukubwa akawa tajiri. Wamama wa wachimbaji hawahitaji nieleze zaidi.

Kama tungekuta ku foto zenu meli Zeila, yenye ilikwama karibu na Henties Bay mu Agosti 2008, kazi ingekuwa rahisi zaidi. Hapa haiko.

Sasa kazi ya nyumbani, wamama. Muandike ku mugongo wa foto na kalamu ya risasi, si bic, sababu bic inatoboka upande wa pili na kuchafua. Muandike jina kamili, si "bibi ya fulani." Foto yenye kushikana na albamu msiivute, muipige na telefone vile iko. Na muketi na wazee sasa, wakati wangali wanaona.

Kuhusu mama yetu: kama ataambia muzee mama yake, na namna gani, hiyo ni ya kwake na ndugu zake, na kikundi kisimusukume. Ameshaandika ku foto zote tisa. Ku ile ya plaki ameandika jina la baba, "Walvis Bay, kisha Machi 1994," na chini yake: "Mwenye anashika pompe hatumujui bado." Kama kuko familia yenye ndugu yao alifanya kazi Walvis Bay miaka ile, mulete foto zenu siku ya Alhamisi saa nane, tutaziweka pamoja ku meza.