Dogo achague amali ambayo hajawahi kuiona?

Wadau, hili linanikera. Tangu Januari 2024 dogo anaingia kidato cha kwanza kwenye mkondo wa jumla au wa amali. Safi. Ila waulize madogo wa hapa Buhongwa wanajua kazi gani: daktari, mwalimu, polisi, basi! Na daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, limejengwa mpaka 2025 barabara yetu hiihii ya Usagara. Wapimaji, wachomeleaji, waendesha mitambo, wote walikuwa pale. Madarasa mangapi yalipelekwa kuwaona? Eti nauli hakuna, ila michango ya mahafali haikosekani! Halafu akifeli hesabu ndo anaambiwa aende amali, na nyie mnashangaa anaona aibu kushika spana.