412 sio jibu, wandugu

Najua nimepotea, na wengi sababu mnaijua: ripoti ya mafunzo kwa vitendo ya jiografia. Tumeikabidhi jana jioni, nimelala kama gogo, na leo nina jambo la kusema kabla halijapoa. Mimi naona sisi tunaosomea ualimu wa jiografia tunaiamini mno kompyuta inapotuhesabia vitu. Tunabofya, namba inatoka, tunaibandika kwenye ripoti. Hiyo tabia tuiache, na nitatumia mfano wa kundi langu mwenyewe asije mtu akasema nimemsema.

Kwa wale wa vitivo vingine, kuna programu ya kuchorea ramani inaitwa QGIS, ya bure kabisa. Kitu chenye urefu kama barabara au mtaro unakichora kwa mstari. Chenye eneo kama nyumba au shamba unakizungushia poligoni, yaani umbo lililofungwa. Ukimaliza unaiambia ikuonyeshe idadi na papo hapo inakupa. Raha tupu.

Sisi tulikuwa watano, tukapewa mtaa mmoja bonde la Msimbazi hapa Dar, kule ambako masika yakianza watu wanalala kwa zamu. Kazi ilikuwa kuchora nyumba zote na mitaro yote, kisha tuseme zipo ngapi. Mwenyekiti wa mtaa aliomba nakala, anataka kuombea mtaro mpya. Tukagawana, watatu upande huu wa barabara ya katikati, wawili upande ule, tukachora juu ya picha ya setilaiti, tukaunganisha. Nyumba 412. Mitaro 38. Mwenzetu mmoja akasema haya, tufunge kazi tukale chipsi.

Mimi ndiye niliyesema tukague kwanza. Sio kwamba ni kichwa sana, ni woga wa sapu tu. Ile programu ina kifaa cha kukagua maumbo, na kilitoa poligoni 3 mbovu, zimejikata zenyewe katikati kama kipepeo. Poligoni ya hivyo kwenye idadi inahesabiwa moja kama kawaida, ila ukipima eneo lake unadanganywa, maana bawa moja linapunguza lingine. Tukazichora upya. Tukaiambia sasa itafute maumbo yanayolaliana, na hapo aibu ikaanza: nyumba 19 za kando ya barabara zilikuwa zimechorwa mara mbili, na wao na sisi. 412 ikawa 393.

Mitaro nayo ni vichekesho. 38 ilikuwa idadi ya mistari, mitaro yenyewe ni 11. Kila mtu akichoka alikuwa anakata mstari na kuanza mwingine, na kompyuta inahesabu vipande ulivyochora, haijui mtaro unaanzia wapi na kuishia wapi. Kwa vitu vya mstari ni bora ujumlishe urefu kuliko kuhesabu, na kabla ya hapo uiweke ramani kwenye mfumo wa mita, ambao kwa Dar ni UTM kanda ya 37 kusini. Ukipimia kwenye latitudo na longitudo unaweza kuambiwa mtaro una urefu wa nyuzi 0.003. Sasa hiyo utampelekea mwenyekiti gani?

Kulikuwa na mtaro mmoja ambao ukaguzi ulionyesha unaishia hewani, haugusi mwingine. Mwenzetu akataka auvute mita chache uungane, ramani ipendeze. Nikasema hapana, twende tukaone. Walinuna, lakini Jumamosi tukaenda.

Jamani, mtaro kweli unaishia pale. Umejaa taka na mchanga, maji yakifika yanamwagikia uani kwa bibi mmoja. Tukamwamkia, akatukaribisha, tukamwonyesha ramani kwenye kompyuta. Akaitazama sana, akauliza, "Sasa wajukuu zangu, mimi nakaa wapi hapo?" Tukatafuta. Nyumba yake haipo. Iko chini ya mwembe mkubwa, kwenye picha ya setilaiti unaona majani tu. Yaani mtu ambaye mafuriko yanaanzia kwake ndiye hatukumhesabu. Sikuwa na la kumjibu.

Tukazunguka mtaa mzima kwa miguu. Nyumba zilizofichwa na miti zilikuwa 3. Tukakuta pia poligoni 5 ambazo tulidhani kila moja ni nyumba moja ndefu, kumbe paa zimegusana na nyumba ni 14, kwa hiyo zikaongezeka 9. Jumla ya mwisho ikawa 405.

Njiani mwenzetu akasema, "Si umeona? 412 na 405, tofauti saba tu. Tumechoma nauli bure." Na hapa ndipo ninapobishana naye mpaka kesho. Saba ni kile kilichobaki baada ya makosa kufutana. Tulizidisha nyumba 19 na kuacha 12, hayo ni makosa 31, na kwenye jumla yamejificha vizuri kabisa. Mwenyekiti angepokea namba inayokaribia ukweli huku bibi yule hayumo. Mtaro hauchimbwi kwa jumla, unachimbwa kupita mbele ya nyumba fulani.

Najua watu watasema bumu limeisha na muda hakuna. Kweli. Lakini mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulipoanza hapa Dar, wanafunzi wa vyuo kama sisi walikaa na wakazi wa mitaa wakachora maeneo yanayofurika. Mkazi anajua mtaro gani umeziba na nani anakaa chini ya mwembe. Kifaa cha kukagua kinakuonyesha pa kutilia shaka, yeye anakwambia kilichopo. Vyote viwili vinahitajika, na kwa utaratibu huo.

Halafu kumbukeni tunakwenda kufundisha. Kwenye usomaji ramani kidato tulipima eneo kwa kuhesabu miraba, mizima unahesabu, isiyo kamili unajumlisha na kugawa kwa mbili. Ilichosha, ila macho yako yalipita kila mraba, na ukikosea mwalimu anaona ulipokosea. Kompyuta imetuondolea uchovu, sawa, ila na yale macho tumeyafunga. Siku mwanafunzi atanyoosha mkono aulize, "Mwalimu, umejuaje ni 412?" Ukijibu kompyuta imesema, umemfundisha nini?

Ripoti yetu tumeandika 405, na ukurasa mmoja tumeeleza tulivyokosea mwanzo. Wenzangu wanaogopa itatupunguzia alama. Labda. Mwenyekiti nakala yake nampelekea Jumatatu, na nyumba ya bibi nimeichora mwenyewe, na mwembe wake.

Naomba kuwasilisha. Wanaobisha nipo kantini saa saba, njooni na chai yenu.