Boti Kuukuu: Ndogo au Kubwa?
Iwapo wewe na jamaa zako mmechanga pesa mnunue boti iliyotumika ya kuwatembeza wageni kule Dunga, Kisumu, msikimbilie bei. Boti ndogo ina raha yake: haihitaji injini kubwa, petroli yake haiumizi mfuko, na kuivuta ufuoni hakuhitaji vibarua. Lakini Ziwa Victoria si kidimbwi. Upepo ukivuma, mawimbi huinuka ghafla, na boti ndogo iliyojazwa watu hugeuka jeneza. Hata chombo kikubwa hakisalimiki kikijazwa kupita kiasi. Feri ya Mtongwe, Mombasa, ilipopinduka Aprili 1994, watu zaidi ya 250 walikufa.

Basi hesabuni abiria wa siku za kawaida, si wa Krismasi. Wakiwa watano, nunueni ndogo na mpakie watano tu. Wakifika kumi, ngojeni mpate pesa za kubwa.

Kabla ya kulipa, ombeni boti ilale majini usiku kucha. Asubuhi mkikuta maji ndani, mwachieni mwenyewe, hata ikiwa imepakwa rangi ya kupendeza (rangi mpya huficha mengi). Na jaketi za kujiokolea, moja kwa kila abiria, zitengewe pesa tangu mwanzo.