Maoni: Jina la tovuti yetu ya zamani, tuliuze ao tulibakishe?

Barua iliingia Jumanne usiku. Umeme ulikuwa umekatika katika mtaa wetu kule Kadutu, na simu yangu ilikuwa imebakia na asilimia 12. Mtu nisiyemjua, anayeandika Kifaransa kizuri, aliomba nimuuzie jina la domeni ambalo mimi na mwenzangu mmoja wa chuo kikuu tulilifungua mwaka 2014. Alitoa dola 2500. Alitaka jibu mbele ya mwisho wa mwezi.

Anayeishi Bukavu anajua dola 2500 ni kitu gani leo. Mwandishi wa habari wa kwetu alikuwa maskini hata mbele ya vita. Wengi wanakaa miezi bila mshahara na wanategemea ile bahasha ndogo wanayopewa kisha mkutano. Tangu M23 iingie Goma katika mwezi wa Januari 2025 na hapa Bukavu katika mwezi wa Februari, benki zilifunga milango na mtu mwenye pesa yake kule ndani alibaki anaiangalia kwa macho. Basi sitaki msomaji afikiri ninaandika haya kama mtu aliyeshiba. Nilihesabu zile dola mara kumi katika giza.

Jina lenyewe lilitoka kwa mama wa mwenzangu. Kila jioni, tulipotoka masomoni, alituuliza habari za mji kwa neno moja la kwao, na sisi tukalifanya kuwa jina la gazeti letu dogo la intaneti. Hatukuwa na kadi ya benki. Yaya wake aliyekuwa Ubelgiji ndiye aliyelipa dola 12 za mwaka wa kwanza. Tuliandika juu ya takataka, barabara ya bonde la Ruzizi, walimu wasiolipwa. Mwaka 2018 pesa iliisha na tovuti ikasimama. Mwaka 2020 mwenzangu alifariki kwa ugonjwa. Tangu siku ile ninalipia jina kila mwaka, na hakuna kitu juu yake. Mtu akilifungua anaona ukurasa mweupe.

Kwanza tuelewane juu ya kitu kimoja. Jina la domeni halinunuliwi kama kiwanja. Linakodishwa. Unalipa mwaka mmoja ao zaidi, na kwa majina ya .com hauwezi kupita miaka kumi kwa mara moja. Usipolipa, wanakupa muda kidogo wa kurudi, kisha bei ya kulirudisha inapanda, na mwisho jina linaachiwa. Hapo mtu yeyote duniani analichukua kwa bei ya kawaida, bila kukuuliza. Kwa hiyo kusema «sitaliuza, nitaliacha tu life» ni kujidanganya. Jina halifi. Linabadilisha mwenyewe.

Wenzangu wa kazi waligawanyika. Mmoja aliniambia: «Yaya, jina haliliwi. Chukua pesa.» Mwingine aliuliza marehemu angeonaje. Mimi moyo wangu ulikuwa na huyu wa pili, na nilifikiri ninafanya jambo la heshima.

Kisha nikaenda kwa mjane wake, kwa sababu nusu ya kitu hiki ni yake. Anauza samaki na sambaza katika soko la Nyawera. Nilimwelezea yote, nikaongeza maneno mengi juu ya kumbukumbu. Aliniacha nimalize, kisha akajibu: «Shemeji, mume wangu hayuko katika kompyuta. Yuko kule Ruzizi kwenye makaburi, na ni mimi ninayepalilia. Mtoto yuko mwaka wa sita, mtihani wa serikali unakuja. Kama kuna pesa, tugawane.»

Nilinyamaza. Masomo ya msingi yalifanywa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari ingali inalipiwa, na mama huyu analipa peke yake. Mtu akikuambia juu ya minervali, usimjibu kwa habari za kumbukumbu. Kumbukumbu yangu ilikuwa inakula pesa ya mtoto wa rafiki yangu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekubali kuuza.

Wako watu waliolinda jina kwa gharama kubwa. Anayejulikana zaidi ni Uzi Nissan wa Marekani, mfanyabiashara wa kompyuta. Nissan ni jina la jamaa yake. Alifungua nissan.com mwaka 1994, na mwaka 1999 kampuni ya magari ya Nissan ikamshitaki. Kesi iliendelea miaka mingi na ikamla pesa nyingi, lakini jina lilibaki kwake mpaka alipofariki kwa Covid-19 mwaka 2020. Ninamheshimu. Lakini yeye alikuwa analinda jina la baba yake, tena alilitumia katika kazi. Mimi nililinda ukurasa mweupe. Mfano wake haukunisaidia.

Ulionisaidia ni mfano wa inchi yetu. Wakati wa Zaïre, majina ya intaneti ya hapa yaliishia na .zr. Mwaka 1997, Mzee Laurent-Désiré Kabila alipoingia na inchi ikarudia jina la Kongo, tulipewa .cd, ndiyo tunayoitumia mpaka leo. Ile .zr iliondolewa kabisa mwaka 2001. Angalia vizuri: haikuuzwa kwa mtu mwingine. Ilifungwa. Barua yoyote inayotumwa leo kwa anwani ya .zr haifiki mahali popote, na hakuna mtu anayeweza kuisoma. Jina lililofungwa namna ile halimuumizi mtu. Mimi sina uwezo wa kulifunga jina langu hivyo. Ninaweza tu kulishika ao kulipitisha katika mikono mingine likiwa hai, pamoja na barua zake.

Ni neno hili «barua» lililonigutusha. Wakati tovuti inafanya kazi, tulikuwa na anwani za barua pepe zinazoishia na jina lile: yangu, yake, na moja ya wasomaji wa kutuma habari kwa siri. Tuliziandika chini ya kila makala, tukazisema katika redio, tukaziacha kwenye vipande vya karatasi mpaka vijijini. Tovuti iliposimama, nilikata huduma ya barua ili nisilipe zaidi, na nikasahau.

Mbele ya kumjibu mnunuzi, nilifungua tena ile huduma kwa siku chache, nione kama kuna kitu kinachoingia. Vilivyoingia vingi vilikuwa takataka za matangazo. Siku ya tatu iliingia barua moja kwa ile anwani ya siri. Sitasema inatoka wapi. Mtu alikuwa anaeleza juu ya jirani aliyechukuliwa usiku, na alitaja majina. Alitumia anwani ya zamani kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo, na kwa sababu zamani tulipoandika habari yake hatukumtaja. Nilisoma mpaka mwisho, nikazima simu, nikakaa.

Kama ningekuwa nimeuza juma moja mbele, barua ile ingeingia kwa mtu nisiyemjua.

Hili ndilo ninataka kila mtu mwenye jina la domeni aelewe. Anayeshika jina ndiye anayeamua barua zake ziende wapi. Anaweza kuamsha tena kila anwani iliyokufa. Anaweza kupokea chochote kinachotumwa kwa jina hilo, hata kama anwani imeandikwa vibaya. Anaweza kwenda kwenye akaunti zilizofunguliwa kwa anwani zile, akabonyeza kwamba amesahau neno la siri, na neno jipya likaja kwake. Hahitaji kuwa fundi mkubwa wala mwizi wa kompyuta. Wewe mwenyewe umemuuzia ufunguo. Juu ya hayo, anaweza kuandika habari za uongo chini ya jina ambalo watu waliliamini. Na sisi hapa tunajua uongo mmoja unaweza kufanya nini katika mji wenye woga.

Nilimuuliza mnunuzi anataka kufanyia nini jina hilo. Alijibu: «Mradi wa mawasiliano.» Nilimuuliza anafanya kazi na nani. Hakujibu, aliongeza dola 500.

Wako watakaosema: andikeni mkataba, umkataze kutumia barua na kujifanya gazeti. Nililifikiria hilo pia. Ni kweli inchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali tangu mwezi wa Machi 2023, na inalinda habari za siri za watu. Lakini mnunuzi ni jina moja na anwani moja ya barua pepe. Akivunja mkataba, nitamshitaki wapi, hasa leo katika mji wetu? Na mtu aliyetajwa katika barua hatasaidiwa na hukumu ya miaka mitatu mbele.

Basi nilikataa. Sikukataa kwa sababu ya mapenzi. Mapenzi yalishindwa katika soko la Nyawera, na yalistahili kushindwa. Nilikataa kwa sababu jina lile si letu wawili peke yetu. Lina watu wengine ndani yake, ambao hawakutia sahihi mahali popote, na hawatapata hata dola moja kwa kuuzwa kwake.

Lakini kukataa hakulipi minervali. Kama ningerudi kwa shemeji na maneno haya tu, ningekuwa ninatumia mtoto wake kulipia dhamiri yangu. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa inakaribia, nilimpa. Wenzetu watatu wa wakati ule walichanga. Hatukufika kwenye ile nusu yake, lakini mwaka huu wa masomo umelipwa. Nilimwelezea ile barua bila kumtaja mtu. Alisema: «Sawa, shemeji. Mume wangu naye angekataa kwa hiyo. Lakini ukiliuza kesho, nitajua.»

Kwa wengine walio na majina kama haya, redio za mitaa, kwaya, mashirika ya raia, maduka, ninashauri hivi. Kama jina halijawahi kuwa na barua, na hakuna mtu aliyeliamini kwa siri yake, liuze bila kujilaumu, hata kama unalipenda. Usitoe namba ya siri ya kuhamisha jina mbele ya pesa kushikwa na mpatanishi anayeaminiwa na pande zote mbili. Kama lilikuwa na barua, ondoa kwanza anwani zake katika kila akaunti, wajulishe watu, kisha ungojee miaka, si majuma. Na mkianza chombo leo, andikeni katika sheria zenu za ndani ni nani anayeshika jina, ni nani anayelipa, na litakuwa la nani siku mmoja wenu akifa. Sisi hatukuandika, na ndiyo maana mjane alipaswa kusubiri mimi niende kumwambia.

Jina nimelilipia miaka mitano. Ukurasa mweupe umeondolewa; sasa kuna mistari miwili inayosema gazeti lilifungwa mwaka 2018 na anwani zake zisitumiwe tena. Aliyeandika ile barua nimemfikia kwa njia nyingine. Wengine waliokuwa wanatuandikia wanajua ni jina gani ninalosema. Tafadhali, msiandike tena kule. Mnajua mahali ninapofanya kazi leo, njooni tuonane.