MCHEZAJI NAYE NI MFANYAKAZI



Pale njia panda ya Rodi Kopany, ambapo barabara ya Ndhiwa yakutana na ile itokayo Rongo kwenda Homa Bay, hapakosi ubishi juu ya mpira. Tumewasikia wanachama wetu wenyewe, watu wajuao vizuri uchungu wa mshahara kuchelewa, wakisema: Ati mchezaji adai mshahara! Kwani kucheza nako ni kazi? Twataka kulijibu neno hilo, maana matajiri nao hulipenda sana.

Tazameni timu ya jirani. SoNy Sugar ya Awendo ilizaliwa na kiwanda cha sukari, na mwaka 2006 ilichukua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya, ikaziacha nyuma timu kubwa za Nairobi. Siku hizo kila mtu alikuwa mwenyewe. Miaka 13 baadaye, katika msimu wa 2019/20, timu hiyo hiyo ilishindwa kufika kwenye mechi tatu kwa kukosa fedha, ikafukuzwa katika ligi kwa mujibu wa kanuni, na matokeo yake yakafutwa. Ligi ikabaki na timu 17. Vijana wale hawakuangushwa uwanjani. Mwaka ule ule wa 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ilijitoa katika udhamini wa mpira wa Kenya, na hata Gor Mahia, timu ya tangu 1968 iliyoleta nyumbani Kombe la Mandela mwaka 1987, ikabaki bila mdhamini.

Fedha ya timu ya kiwanda hutoka katika fuko moja na mshahara wa mkata miwa. Fuko likipungua, mwenye hesabu huanza kukata pale anapoona pana mchezo tu. Kisha hufika kwetu. Kwa hiyo anayemcheka mchezaji amcheke polepole.

Zamani, katika timu nyingi za mashirika ya Kenya, mchezaji aliandikwa kazi kwanza: karani, fundi, mtu wa bohari. Alicheza jioni, na goti likivunjika alirudi mezani kwake. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, lakini ulimpa namba ya kazi. Leo wengi ni wachezaji tu, na wengine hawana hata karatasi ya mkataba mkononi.

Sasa twende mbali kidogo, Marekani, kwenye mpira wa kikapu, ambako mishahara ya wachezaji hututoa macho. Wengi hudhani walipewa kwa ukarimu. Sivyo. Kule timu ni mali ya tajiri, naye aweza kuihamisha kama duka: Lakers walitolewa Minneapolis wakapelekwa Los Angeles mwaka 1960, bila mashabiki kuwa na la kusema. Wachezaji walianza chama chao mwaka 1954, wakiongozwa na Bob Cousy wa Boston. Waliomba malipo ya uzeeni wakapewa ahadi. Tarehe 14 Januari 1964, mjini Boston, wachezaji bora wa ligi nzima, akina Bill Russell, Oscar Robertson na Jerry West, walijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo, televisheni ikingoja, wakasema hawatoki mpaka neno la pensheni likubaliwe. Wenye timu walitishia. Mkuu wa ligi akatoa ahadi yake, ndipo wakatoka kucheza. Mwaka 1983 mapatano yaliwahakikishia asilimia 53 ya mapato ya ligi. Leo wapata karibu nusu. Hatusemi ligi yetu ina fedha za namna hiyo. Twasema fungu lile lilipatikana kwa watu kukaa chumba kimoja na kukataa kutoka.

Na hapa kwetu silaha zipo. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na kuuandika ni wajibu wa mwajiri. FIFA nayo, tangu 2018, yampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba, baada ya kumpa mwajiri notisi ya siku 15. Wachezaji wana chama chao, KEFWA. Kinachopungua ni wenzao wa mashamba na viwanda kuwahesabu kuwa ni ndugu.

Jambo hili ni la haraka kuliko linavyoonekana. Mei 2025 Serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari kwa miaka 30, na cha Awendo kimo. Kiwanda kinapobadili mkono, deni la mshahara hutafutiwa mahali pa kusahauliwa. Twadai kwamba popote yanapohesabiwa malimbikizo ya wafanyakazi wa kiwanda chenye timu, mchezaji anayedai ahesabiwe katika orodha ile ile, si katika daftari la michezo.

Mwanachama mwenye kijana aliyeitwa na timu yo yote amlete afisini pamoja na karatasi yake kabla hajatia sahihi. Kama hana karatasi, amlete upesi zaidi.