Kabla ya kugonga muhuri kwenye samansi

Mimi ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, pembezoni mwa mji wa Morogoro. Wapeleka samansi wananifahamu, maana mtu asipopatikana kwake, karatasi yake huishia mezani kwangu. Wengi huja na ombi moja: "Mwenyekiti, tugongee hapa kwamba amekataa kupokea." Huwaambia twende wote mpaka mlangoni. Wapo wanaonuna.

Nashikilia hivyo kwa kuwa najua karatasi ile inakokwenda. Mahakama, au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, likishaaminishwa kwamba mdaiwa aliitwa akagoma, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Mdai anajieleza, hakuna wa kumhoji, uamuzi unatoka. Kisha dalali wa mahakama anabisha hodi, na mwenye nyumba ndipo anapojua kuwa alikuwa na kesi.

Sheria haikumtupa mtu huyo. Kanuni za mabaraza ya ardhi za mwaka 2003 zinampa siku 30 kuomba amri ile iondolewe, na mahakama za kawaida nazo zina utaratibu wa namna hiyo. Lakini siku hizo kwa kawaida huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Aliyechelewa kujua lazima kwanza aombe kuongezewa muda, aeleze kila siku iliyopita, hata moja. Maombi mawili basi, kabla hajasema neno kuhusu kiwanja chake.

Mama mmoja mjane wa mtaani kwetu alipitia hayo. Alikuwa Kilosa msimu wa kilimo, na samansi ikabandikwa kwenye nyumba aliyokwisha kuihama. Kiapo cha aliyeipeleka kilikuwa na muhuri wa mtaa mwingine kabisa. Hatimaye amri iliondolewa na kesi ikaanza upya, ila mpunga wa msimu ule wote uliishia kwenye nauli na ada ya wakili. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wakwepaji wapo, siwatetei. Nimefika kwenye nyumba ambako mtoto ametumwa aseme baba kasafiri, na viatu vya baba viko barazani. Huyo akija baadaye kulia kwamba hakusikilizwa, mdai aliyepoteza siku zake mahakamani ana haki ya kulipwa gharama.

Hata hivyo, asiyehudhuria hapotezi kila kitu. Katika shauri la Cosmas Construction dhidi ya Arrow Garments, lililomo katika ripoti za sheria za mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ilisema kuwa kutohudhuria kunamnyima mtu nafasi ya kushiriki tu. Tarehe ya hukumu bado anapaswa kuarifiwa. Laiti agizo hilo lingefuatwa kwa ukamilifu, dalali asingekuwa mleta habari wa kwanza.

Naomba mambo mawili. Kwa asiyefikishiwa wito, siku 30 zihesabiwe tangu alipojua kuna uamuzi dhidi yake. Sheria iseme hivyo waziwazi. Na wenyeviti wenzangu, kabla ya kugonga muhuri, nendeni kwenye nyumba yenyewe, muandike tarehe, saa, na mliyemkuta pale. Kama hamkumkuta mtu, andikeni kwamba hamkumkuta, msiandike kwamba amekataa.